Dinu Lipatti: Mpiga Piano wa Romania Aliyekataa Kuharakisha

Dinu Lipatti, ambaye jina lake kamili lilikuwa Constantin Lipatti, alikuwa mpiga piano na mtunzi wa muziki kutoka Romania. Alizaliwa Bucharest mwaka 1917, akafariki Geneva, Uswisi, tarehe 2 Desemba 1950, akiwa na umri wa miaka 33. Tangu onyesho lake la kwanza jijini Paris mwaka 1935 hadi la mwisho mwaka 1950 ni miaka 15 tu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilimezwa na vita na ugonjwa. Rekodi zote alizoziacha zinaweza kusikilizwa kwa siku moja na nafasi ikabaki. Hata hivyo, walimu wa piano bado huwapa wanafunzi wao rekodi hizo kama kipimo cha upigaji safi, wenye utulivu na usiojionyesha. Maisha yake ya kazi ni ya msanii aliyejaliwa muda mfupi, na bado akakataa kupanda jukwaani na utunzi wowote ambao haujamwiva.

Mji na nyumba ya muziki

Bucharest ya mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa ngeni kwa muziki wa Ulaya. Chuo chake cha muziki, yaani Konsevatori, kilianzishwa mwaka 1864, miaka michache baada ya majimbo ya Moldavia na Wallachia kuungana na kuzaa dola ya Romania. Jumuiya ya Filharmonia iliundwa mwaka 1868, na mwaka 1888 ukafunguliwa ukumbi wa Ateneul, wenye kuba kubwa, ambao hadi leo ndio ukumbi mkuu wa okestra nchini humo. Lakini vijana wenye vipaji vikubwa walizoea kumalizia masomo nje. George Enescu, mtunzi na mpiga fidla aliyezaliwa mwaka 1881, alipelekwa Vienna akiwa bado mtoto, kisha Paris. Clara Haskil, mpiga piano aliyezaliwa Bucharest mwaka 1895, alipita njia hiyo hiyo. Lipatti naye aliifuata, ila yeye aliondoka akiwa ameshakamilika kiufundi, na msingi aliojengewa nyumbani ndio uliombeba hadi mwisho.

Wazazi wake walikuwa watu wenye uwezo na wapenzi wakubwa wa muziki. Baba yake, Theodor, alikuwa mpiga fidla aliyewahi kufundishwa na Pablo de Sarasate na Carl Flesch, mabingwa wawili wa chombo hicho. Mama yake, Anna, alipiga piano. Mtoto alianza kugusa piano kabla hajajua kusoma. Katika familia za Kikristo za Romania, mtoto hubatizwa akiwa mchanga. Ubatizo wa Dinu uliahirishwa mpaka alipokuwa na umri wa kuweza kupiga piano, na siku hiyo mwenyewe akapiga minueti ya Mozart mbele ya wageni. Baba yake wa ubatizo alikuwa Enescu, ambaye tayari alikuwa mwanamuziki mkubwa kuliko wote nchini. Uhusiano huo haukuwa wa jina tu: Enescu aliendelea kumshauri kijana huyo, na baadaye wakawa wakipiga pamoja jukwaani.

Afya ya mtoto ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, hivyo masomo yake ya kawaida aliyapata nyumbani kwa walimu binafsi. Hali hiyo ilimwachia saa nyingi za piano, na pia ikamzoesha tabia iliyomtambulisha ukubwani: kufanya kazi polepole, peke yake, na kurudia jambo mpaka linyooke.

Walimu wawili

Mwalimu wake wa kwanza wa kudumu alikuwa Mihail Jora, mtunzi aliyesomea Leipzig kwa Max Reger na kupoteza mguu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jora alikuwa mkali na hakupenda sifa za bure. Alimchukua Dinu akiwa na miaka minane hivi, akamfundisha piano pamoja na upatanifu wa sauti na misingi ya utunzi. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Wapiga piano wengi hufundishwa vidole kwanza, na nadharia huja baadaye kama nyongeza. Lipatti alijifunza kuusoma utunzi kama mtunzi anavyousoma, akijua kila sauti imewekwa mahali pake kwa sababu gani. Hata alipokuwa maarufu hakuacha kutunga, na wasikilizaji wengi wamesema kwamba upigaji wake huifanya sura nzima ya utunzi ionekane kana kwamba imechorwa.

Mwaka 1928, akiwa na miaka 11, alipokelewa katika Konsevatori ya Bucharest, katika darasa la Florica Musicescu. Mwalimu huyo alikuwa binti wa Gavriil Musicescu, mtunzi na kiongozi wa kwaya wa mji wa Iași, na alikulia katika uimbaji. Alidai piano iimbe. Piano hutoa sauti kwa nyundo kugonga waya, na kila sauti huanza kufifia mara tu inapozaliwa. Kwa hiyo kuziunganisha sauti ili zisikike kama pumzi moja ya mwimbaji ni kazi ya kuusikiliza na kuupima kila mguso. Musicescu aliwafundisha wanafunzi wake kupima uzito wa kila kidole, kutenganisha sauti ya juu na zile za katikati, na kutokanyaga kanyagio la piano ili kuficha makosa. Hakuwa mwepesi wa kusifu, na mwanafunzi aliweza kubaki juu ya mistari michache ya muziki kwa muda mrefu.

Lipatti alihitimu mwaka 1932, akiwa na miaka 15, kwa kupiga Konseto ya Kwanza ya Chopin. Konseto ni utunzi ambamo chombo kimoja hujibizana na okestra nzima, na hiyo ya Chopin humtaka mpigaji awe na wepesi wa vidole na sauti laini kwa pamoja. Wakati huo huo tungo zake zilianza kutambuliwa katika tuzo ya taifa ya utunzi ambayo Enescu aliianzisha kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya tungo za ujana wake ni Sonatina ya fidla na piano ya mwaka 1933, na suti ya okestra iitwayo *Șătrarii* ya mwaka 1934, iliyochota midundo na rangi zake kutoka kwa Waroma wahamaji wa Romania.

Mashindano ya Vienna

Mwaka 1933 Lipatti alikwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya piano mjini Vienna. Mashindano ya aina hiyo yalikuwa bado machache. Leo kijana anayetaka kuwa mpiga piano wa majukwaani anaweza kuchagua kati ya mengi kila mwaka, lakini katika miaka ya 1930 ushindi mmoja mkubwa ulitosha kumfungulia mtu milango ya kumbi za Ulaya. Tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Bolesław Kon wa Poland, na Lipatti, mwenye miaka 16, akapewa ya pili.

Miongoni mwa majaji alikuwa Alfred Cortot, mpiga piano maarufu wa Ufaransa na mmoja wa waasisi wa chuo cha École Normale de Musique cha Paris. Cortot aliona Lipatti amenyimwa haki yake, akajiuzulu katika jopo la majaji kupinga matokeo, na akamwalika kijana huyo akasome chuoni kwake. Kujiuzulu huko kulimjengea Lipatti jina haraka kuliko ambavyo tuzo ya kwanza ingeweza kufanya.

Paris

Lipatti alifika Paris mwaka 1934 akiwa pamoja na mama yake na mdogo wake Valentin, ambaye baadaye alikuwa mwanadiplomasia. Katika École Normale alisoma piano kwa Cortot na kwa msaidizi wake Yvonne Lefébure, uongozaji wa okestra kwa Charles Munch, na utunzi kwa Paul Dukas. Dukas alifariki tarehe 17 Mei 1935. Siku tatu baadaye Lipatti alipiga onyesho lake la kwanza chuoni hapo, akalifungua kwa korali ya Bach ijulikanayo kama *Yesu, Furaha ya Mwanadamu*, iliyohamishiwa kwenye piano na Mwingereza Myra Hess, kwa heshima ya mwalimu aliyeondoka. Korali hiyo aliipiga mara nyingi maishani, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabisa kuipiga mbele ya watu.

Baada ya kifo cha Dukas, masomo yake ya utunzi yalipokelewa na Nadia Boulanger, mwalimu aliyewalea watunzi wengi wa karne ya 20 kutoka Ulaya na Marekani. Boulanger hakuwa mwalimu wa somo moja tu kwake. Alimwongoza katika kusoma muziki wa zamani, akampeleka katika nyumba za watu waliofadhili sanaa, na alikuwa naye katika baadhi ya rekodi zake za mwanzo. Mwaka 1937 walirekodi pamoja waltzi za Brahms, zile za watu wawili kwenye piano na zile zinazoimbwa na kundi dogo la waimbaji. Kwa mpiga piano mwenye miaka 20 hiyo ilikuwa shule ya aina yake: kukaa bega kwa bega na mwenzako, kupumua pamoja na waimbaji, na kujua wakati wa kujiweka nyuma.

Paris pia ilimkutanisha na Clara Haskil, aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 20. Haskil alikuwa na kipaji kikubwa lakini kazi yake ilikwama kwa maradhi ya uti wa mgongo na kwa woga wa jukwaa. Urafiki wao ulidumu hadi mwisho wa maisha ya Lipatti, na barua walizoandikiana zimehifadhiwa. Wote wawili walimpenda Mozart, wote waliepuka mbwembwe, na wote waliishia Uswisi.

Tungo zake za miaka hiyo zinaonyesha mchanganyiko wa Paris na Bucharest. Konsetino ya Mtindo wa Kale, ya mwaka 1936, ni ya piano na okestra ndogo, na imejengwa kwa usafi wa karne ya 18. Simfonia ya piano mbili na okestra ya nyuzi, ya mwaka 1938, ina nguvu zaidi na inachota katika muziki wa vijijini vya Romania.

Vita na kurudi nyumbani

Mwaka 1939, Ulaya ilipokuwa ikiingia vitani, Lipatti alirudi Romania. Sehemu kubwa ya utunzi wake wa miaka iliyofuata aliifanya katika nyumba ya shamba ya familia huko Fundățeanca, wilaya ya Argeș. Huko aliandika, mwaka 1941, Sonatina ya mkono wa kushoto peke yake, kazi fupi ambamo mkono mmoja hubeba wimbo, besi na sauti za katikati kwa pamoja. Miaka hiyo pia aliungana na Madeleine Cantacuzino, mpiga piano aliyetoka katika darasa lile lile la Musicescu, ambaye baadaye alikuwa mke wake.

Romania iliingia vitani mwaka 1941 ikiwa upande wa Ujerumani. Safari za wanamuziki zilifuata ramani ya siasa, na Lipatti alipiga katika miji ya Ujerumani, Austria na Italia. Mwezi Januari 1943 alirekodi Konsetino yake Berlin, akiongozwa na Hans von Benda. Mwezi Machi mwaka huo, Bucharest, alirekodi na Enescu sonata mbili za Enescu za fidla na piano, ya pili na ya tatu. Rekodi hizo zina thamani ya pekee. Sonata ya tatu imeandikwa kwa tabia ya muziki wa wapiga fidla wa vijijini Romania, wenye sauti zinazoteleza na midundo isiyofungwa, na maandishi peke yake hayatoshi kumweleza mpigaji namna ya kuipiga. Hapo mtunzi mwenyewe anashika fidla, na mtoto wake wa ubatizo yuko kwenye piano.

Tarehe 4 Septemba 1943 Dinu na Madeleine waliondoka Bucharest kwa ziara ya maonyesho iliyowafikisha nchi za Skandinavia. Kutoka huko walielekea Uswisi, wakafika Geneva mwezi Novemba. Lipatti hakurudi tena Romania. Baada ya vita utawala wa kikomunisti ulishika nchi, na mwishoni mwa mwaka 1947 mfalme alilazimishwa kung'oka.

Geneva: mwalimu na mgonjwa

Uswisi, ambayo haikuingia vitani, ilikuwa kimbilio la wanamuziki wengi. Mwaka 1944 Konsevatori ya Geneva ilimteua Lipatti kuwa profesa wa darasa la juu kabisa la piano, akiwa na miaka 27. Alifundisha hapo hadi mwaka 1949. Kati ya wanafunzi wake alikuwa Béla Síki wa Hungaria, ambaye baadaye alifundisha kwa miaka mingi Marekani. Kwa njia hiyo malezi ya Musicescu, yaliyoanza katika chumba cha darasa Bucharest, yalivuka hadi ng'ambo ya Atlantiki.

Muda mfupi baada ya kufika Geneva homa zisizoeleweka zilianza kumwandama. Madaktari walichukua muda kulijua tatizo, na mwaka 1947 ikabainika kuwa ni ugonjwa wa Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Leo wagonjwa wengi wa maradhi hayo hupona kwa dawa na mionzi. Miaka ile matibabu yalikuwa ya kusogeza siku tu. Mwaka huo huo yeye na Madeleine walifunga ndoa rasmi. Tangu hapo ratiba yake ya kazi ilipangwa na mwili. Wiki za nguvu zilifuatwa na miezi ya kitanda, na ziara za mbali, zikiwemo za Marekani na Australia, zikafutwa.

Mkataba wa rekodi

Kilichoiokoa sanaa yake isipotee pamoja naye ni mkataba aliotia saini mwezi Januari 1946 na kampuni ya Columbia ya Uingereza, chini ya kundi la EMI. Aliyemtafuta alikuwa Walter Legge, mtayarishaji wa rekodi aliyekuwa ameanzisha Okestra ya Philharmonia ya London mwaka 1945. Legge alikuwa na masikio makali na hakuridhika kwa urahisi. Walifanana katika hilo.

Kurekodi muziki katika miaka ya 1940 kulikuwa kazi ngumu. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika nne tu. Utunzi wa nusu saa ulilazimika kukatwa vipande, kila kipande kikapigwa peke yake, na kosa moja lilimaanisha kurudia upande mzima. Mpigaji alitakiwa kusimama katikati ya wazo, kisha, baada ya mafundi kubadilisha sahani, aanze tena kwa kasi na sauti ile ile. Kwa mtu ambaye hakupenda kuachia kitu kabla hakijakamilika, na ambaye nguvu zake zilikuwa za kupimwa, hilo lilikuwa jaribu zito.

Vipindi vya kwanza vilifanyika Zürich mwezi Julai 1946. Vile vya London vilianza mwaka 1947 katika studio za Abbey Road: Sonata ya Tatu ya Chopin, sonata za Domenico Scarlatti, kipande cha Liszt kilichotokana na soneti ya Petrarca, na korali ile ya Bach. Septemba 1947 alirekodi Konseto ya Grieg na Philharmonia ikiongozwa na Alceo Galliera. Aprili 1948 ilifuata Konseto ya Schumann chini ya Herbert von Karajan. Mwaka huo huo alirekodi Barcarolle ya Chopin na *Alborada del gracioso* ya Ravel, ambayo katika mikono yake ina ukali na wepesi unaowashangaza wale wanaomdhania kuwa mpigaji wa mambo ya upole tu.

Rekodi za Grieg na Schumann ndizo zilizosambaa zaidi. Konseto hizo mbili ziliandikwa kwa sauti moja ya muziki, ya La ndogo, na mpaka wakati wake wapigaji wengi walikuwa wamezizoea kama nafasi ya kujitanua. Lipatti alizirudisha katika umbo lake. Katika Grieg hakuburuta wimbo ili kutafuta machozi. Katika Schumann aliiacha klarineti na vyombo vingine vya kupuliza vizungumze, naye akajibu kama mwenzao.

Namna alivyofanya kazi

Legge alisimulia kwamba alipomwomba arekodi Konseto ya Kwanza ya Tchaikovsky, Lipatti alitaka miaka mitatu ya kujiandaa, na kwa Konseto ya Tano ya Beethoven alitaka minne. Alikuwa akisema hivyo huku akijua kuwa ni mgonjwa. Beethoven hasa alimwogopesha. Kwa muda mrefu hakuthubutu kumweka katika programu, na aliichukua sonata ya Waldstein katika miaka yake ya mwisho.

Subira hiyo haikutokana na udhaifu wa vidole, maana ufundi wake ulikuwa kamili tangu ujana. Ilitokana na imani aliyoieleza katika maandalizi ya kozi ya ufasiri wa muziki aliyokusudia kuifundisha Geneva pamoja na Boulanger. Kwa mtazamo wake, mpigaji anapaswa kwanza kuyaheshimu maandishi ya mtunzi bila kuongeza wala kupunguza. Kisha lazima avuke maandishi na kuitafuta roho iliyoyazaa, kwa sababu muziki wa kweli hauishi ndani ya karne yake peke yake, na kumlazimisha msikilizaji ausikie kama kitu cha makumbusho ni kuunyima uhai. Hatua ya kwanza inahitaji elimu na ya pili inahitaji muda. Kwa hiyo orodha ya tungo alizopiga haikuwa ndefu, na kila iliyokuwamo alikuwa ameishi nayo.

Namna hiyo ya kazi inaonekana hata katika jinsi alivyozipanga waltzi 14 za Chopin. Vitabu huzipanga kwa namba, na wapigaji wengi hufuata namba hizo. Lipatti alizipanga upya, akizingatia jinsi sauti ya moja inavyoipokea nyingine na jinsi nyepesi inavyoipumzisha iliyo nzito, mpaka kundi la ngoma fupi likawa utunzi mmoja mrefu wenye mwanzo, katikati na mwisho.

Mwaka wa mwisho

Mwaka 1950 ulianza kwa maonyesho mawili makubwa: tarehe 7 Februari alipiga Konseto ya Kwanza ya Chopin mjini Zürich na kiongozi Otto Ackermann, na tarehe 22 Februari Konseto ya Schumann mjini Geneva na Ernest Ansermet. Yote mawili yalirushwa redioni na kuhifadhiwa. Baadaye afya yake ilianguka tena.

Wakati huo dawa mpya ya kotisoni ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutumika. Ilikuwa adimu na ghali mno. Marafiki zake wanamuziki, wakiwemo Munch na mpiga fidla Yehudi Menuhin, walisaidia ipatikane. Kotisoni haikuponya ugonjwa, lakini ilimrudishia nguvu kwa majuma kadhaa. Daktari wake, Henri Dubois-Ferrière, alijua nafasi hiyo haitakaa, na Legge akaarifiwa. Badala ya kumwita Lipatti London, Legge alisafirisha mafundi na mitambo hadi Geneva. Kati ya tarehe 3 na 12 Julai 1950, katika studio ya redio ya mji huo, Lipatti alirekodi Partita ya Kwanza ya Bach, Sonata ya Mozart namba K. 310, waltzi 14 za Chopin na korali kadhaa za Bach. Hakuna dalili ya haraka katika rekodi hizo, wala ya uchovu. Tarehe 23 Agosti alipiga Konseto ya 21 ya Mozart katika tamasha la Lucerne, Karajan akiongoza, na vipindi vya piano peke yake alivitunga mwenyewe.

Tarehe 16 Septemba alikuwa na ahadi katika tamasha la Besançon, Ufaransa. Nguvu za dawa zilikuwa zimekwisha, na daktari alimsihi asipande jukwaani. Lipatti aliona ahadi ni deni. Alianza kwa kupitisha vidole katika sauti chache za kufungulia, desturi ya wapiga piano wa zamani ya kuyatayarisha masikio ya watu, kisha akaingia katika Partita ya Bach. Zikafuata Sonata ya Mozart na vipande viwili vya Schubert. Mwisho zilikuwa waltzi za Chopin. Alipiga 13 kwa mpangilio wake, na alipofika ya mwisho nguvu zilimwishia. Baada ya kupumzika kidogo alipiga korali ya Bach, ile aliyoanzia Paris miaka 15 nyuma. Redio ya Ufaransa ilirekodi onyesho hilo, na santuri zake zilitolewa baadaye. Korali ya mwisho haimo. Alifariki miezi miwili na nusu baadaye, akazikwa Chêne-Bourg, kitongoji cha Geneva.

Urithi

Santuri ndefu zilianza kuenea Ulaya wakati Lipatti anafariki, na rekodi zake zilihamishiwa humo. Grieg na Schumann ziliuzwa pamoja kwa miongo, na waltzi za 1950 hazijawahi kutoweka madukani. Uchache wa rekodi uliwafanya wapenzi wake watafute zaidi, na mara moja utafutaji huo ulizaa kosa kubwa. Mwaka 1966 ilitolewa rekodi ya Konseto ya Kwanza ya Chopin ikiwa na jina lake, nayo ikasifiwa na wengi. Mwaka 1981, baada ya kurushwa na BBC, iligundulika kuwa mpigaji ni Halina Czerny-Stefańska wa Poland. Tukio hilo lilimrudishia msanii huyo heshima aliyostahili, na lilichochea utafutaji ulioleta rekodi ya kweli ya Zürich ya Februari 1950. Tangu hapo wakusanyaji wamezidi kuokoa kanda za redio, na orodha ya kazi zake imeongezeka kidogo kidogo.

Mwalimu wake Musicescu aliendelea kufundisha Bucharest. Kizazi kilichofuata kilimpata kwake Radu Lupu, aliyezaliwa mwaka 1945 na kushinda mashindano ya Leeds mwaka 1969, mpiga piano mwingine wa Romania aliyerekodi kwa uchache na kusikilizwa kwa wingi. Tungo za Lipatti nazo zimeanza kupigwa tena, hasa Konsetino, Sonatina ya mkono wa kushoto na Ngoma za Kiromania. Bucharest ina shule ya muziki yenye jina lake na nyumba ya kumbukumbu, na okestra ya mji wa Satu Mare inaitwa Filharmonia ya Dinu Lipatti. Geneva ina taasisi inayosaidia tiba na utafiti wa maradhi ya damu, iliyounganisha jina lake na la daktari aliyemtibu.

Wapiga piano waliomzidi kwa wingi wa maonyesho, safari na santuri katika karne ya 20 ni wengi. Nafasi ya Lipatti katika historia ya fani hiyo inatokana na jambo jingine: kila alichokitoa alikitoa kikiwa tayari. Jora alimfundisha kuusoma muziki, Musicescu akamfundisha kuuimbisha, Boulanger akamfundisha kuutumikia, na yeye akauongezea muda, hata pale ambapo muda ndio aliopungukiwa kuliko kitu kingine chochote.